Mwaka wa Kumtafutia Sada Darasa

Mdogo wangu Sada tulimzika Muyinga siku ya Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, mvua ikitishia tu bila kunyesha. Siku ya tatu ya msiba nilikuwa uani na wanawake, tukisugua masufuria makubwa ya kuazima, akaja kuketi kando yangu mkwe wa jirani, msichana mdogo bado, mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe alikuwa mkubwa wa kutosha kukimbia, lakini shingo yake haikukaza na miguu ilining'inia tu. "Da Hadija," akaniambia kwa sauti ya chini, "wanasema we na marehemu mama mlitembea sana maofisi sababu ya Sada. Sasa mi niende wapi? Iko ofisi gani ya serikali inasaidia wazazi kama sisi?" Mimi ni mwanamke mwenye mdomo, wanangu husema ninajibu kabla swali halijafika mwisho. Siku ile nilimwambia anywe chai kwanza, nitafikiri. Nimefikiri tangu hapo, na kila nikifikiri narudi kwenye mwaka uleule mmoja, kwa hiyo nauandika kama ulivyokuwa. Asitegemee kupata anwani ndani yake.

Ulikuwa mwaka wa vita, katika ile miaka ya katikati ambapo hakuna aliyekumbuka vizuri ilianzaje wala aliyeona itaishaje. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka na sukari ilipimwa kwa kijiko. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule yetu ya bweni ilifungwa baada ya wanafunzi kuanza kukimbiana wenyewe kwa wenyewe, nikarudi nyumbani na godoro kichwani na Kifaransa changu cha nusu njia. Baba alikwama ng'ambo ya mpaka wa Kobero na mzigo wake wa biashara, na habari zake sitaziweka hapa. Tulibaki Mama, Sada na mimi katika vyumba viwili vya sakafu iliyopasuka, na cha mbele ndicho kilikuwa chumba cha kazi: cherehani dirishani, meza ndefu, na marobota ya mitumba, zile nguo tunazoziita chagua. Mama alinunua zilizotoboka, ambazo wenzake walizitupa. Alizishona viraka kwa ndani, akazifua, akazitia wanga wa muhogo, akazipiga pasi ya makaa, kisha akazikunja, na kwenye kukunja ndiko ufundi wake ulipoonekana. Shati lililoungua kola lilikunjwa likaonyesha kifua. Gauni lenye kiraka tumboni lilikunjwa likaonyesha mkono wenye lasi. Hakuwa mwongo. Mteja akiuliza, alimwambia kiraka kiko wapi. Ila kumtangulizia mtu kasoro kabla hata hajashika kitambaa, hilo Mama aliliona ni kukosa adabu. Mtaa wetu wote wa Waswahili ulikuwa hivyo, wauza samaki, wafua bati, washona kofia: kila mmoja alijua upande gani wa kitu chake utazame barabarani.

Sada alipatwa na mugiga, homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka mitatu. Alipona kila kitu isipokuwa masikio. Maneno aliyokuwa nayo kabla ya homa yaliendelea kumtoka kwa muda, halafu yakaanza kupungua, nasi tukiyaona yakienda: uji likaenda, dada likaenda, mwisho mama lenyewe. Mwaka huo alikuwa na miaka saba na kitu, na amebakiwa na neno moja tu, labeka. Kwetu mtoto akiitwa haulizi "nini?" Huitika labeka, na asiyeitika hivyo anamwaibisha mama yake mbele ya wageni. Mama alikuwa amemfundisha mapema sana, akiwa bado ananyonya, na neno likazama mahali ambapo homa haikufika. Hakujua tena lina maana gani. Alilisema akitaka tumtazame, kwa sauti nene isiyopanda wala kushuka, "abeka." Mengine yote alivuta nguo, alionyesha kidole, na asipoeleweka aliuma. Mwaka ule aliuma sana. Mikono yangu ilikuwa na alama za meno yake mpaka kwenye viwiko, na nilimpenda hivyo hivyo, na mara nyingine nilimchoka.

Habari ya darasa ilitufikia kwa redio ya fundi Ramadhani, mfua bati tuliyepakana naye ukuta. Asubuhi moja aliacha nyundo yake akaja mbio. "Mama Hadija! Mama Hadija, sikia! Serikali imefungua darasa ya viziwi kule Gitega. Watoto wanalala palepale, wanakula palepale, wanafundishwa kusoma na kusema kwa mikono. Wazazi waende ofisi."

"Ofisi gani?" Mama akauliza.

"Hapo ndio sikupata. Wamekata, wakaingiza mambo ya vita."

Kitu kimoja Ramadhani alikuwa amekisikia vizuri: darasa lilichukua watoto wadogo tu, ambao hawajapita umri wa kuanza shule. Sada alikuwa anakaribia kuupita. Kwa hiyo ilikuwa mwaka ule au basi, na tulilijua hilo sote watatu tukiwa tumesimama pale ukutani. Mama aliweka shati mezani bila kulikunja, akaingia ndani kuoga.

Tulianza na ofisi ya elimu ya palepale Muyinga. Mama alivaa kitenge chake cha Idi na mtandio mweupe, Sada akavalishwa gauni la njano, nami nikatangulia kwa sababu ya Kifaransa. Ofisi zote za mwaka ule zimekuwa chumba kimoja kichwani mwangu: benchi limeegemezwa ukutani, picha ya rais imepinda upande, harufu ya karatasi iliyolowa, na nyuma ya meza mtu asiye na kazi wala nafasi. Watu wa elimu walituambia mtoto kiziwi ni wa ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii kulijaa mablanketi na masufuria ya watu waliokimbia milima yao, na mwanamke mmoja alikuwa anapika mlangoni kabisa, tukapita kwenye moshi wake. Huko wakatuambia masikio ni mambo ya afya. Wa afya walimfunua Sada macho, wakamtazama ulimi. Ana homa? Hana. Anaharisha? Hapana, hasikii tu. Basi huyu si mgonjwa, mpelekeni kwa watu wa elimu. Nilipomtafsiria Mama alicheka mpaka akashika ukuta, ndiyo maana najua ilikuwa bado mwanzoni mwa mwaka. Tulikwenda tena na tena. Nilijifunza kubisha mlango kwa namna isiyomuudhi mtu, na kutaja neno "kiziwi" kwa Kifaransa bila kutazama chini. Mwishowe karani wa elimu, mtu wa makamo aliyevaa sweta hata juani, alichoka na sura zetu. "Emwe mama," akasema, "hapa kwetu hakuna kitu. Nendeni Gitega wenyewe. Lakini mjue watampima. Hawachukui mtoto yeyote tu. Asiye na kichwa anarudi nyumbani."

Tulipofika nyumbani, Mama akaondoa marobota mezani, akamketisha Sada juu ya kigoda, akamtazama kama anavyotazama nguo iliyotoka kwenye robota. "Watampima," akaniambia. "Sasa wewe fikiria. Mtu anamwita mtoto, mtoto anakaa kama gogo. Watasema huyu hana kichwa. Hawatajua kwamba ana akili." Kweli alikuwa na akili. Alijua kutunga uzi wa cherehani kuliko mimi. Na hivyo ndivyo tulivyoanza kumtengeneza Sada kwa ajili ya Gitega. Tulikula mapema mwaka ule kwa sababu ya amri ya kutotoka nje, jua likiwa bado juu ya paa la Ramadhani, bugali wa muhogo na maharage, na mboga ya lengalenga ikiwepo. Mama aliketi akimkabili Sada. Mimi nilikaa nyuma ya Sada. Niliita "Sada!" na papo hapo Mama alinyanyua nyusi, Sada akaitika "abeka!" akapewa karanga. Baadaye Mama hakunyanyua nyusi zote, kidogo tu, kiasi ambacho mgeni asingeona. Sada aliipenda kazi hiyo. Alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo na nyumba nzima kila siku, na aliacha kuuma. Ramadhani naye alisaidia: alikuja na debe na nyundo, akamfundisha kusikiliza kwa nyayo. Aligonga debe sakafuni nyuma yake, Sada akigeuka tu, Ramadhani anapiga makofi na kucheza, mzee mzima, mpaka majirani wakaja kutazama. Mtaa wote ulijua kwamba mtoto wa Mama Hadija anaandaliwa mtihani. Mwalimu wa madrasa alimsomea dua. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza kama tunafanya sawasawa, na mimi sikuona cha kuuliza.

Tulikwenda Gitega juu ya lori la maharage lililosindikizwa na askari, kupitia Karuzi, na kuhusu safari hiyo nitasema tu kwamba tulifika. Tulifikia kwa Mama Furaha, Mkongomani wa kutoka upande wa Uvira, aliyekuwa akinunua nguo za Mama kwa jumla kabla barabara hazijaharibika. Alikuwa na chumba nyuma ya soko, kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua, na upande wa pili wa pazia walilala jamaa zake waliokimbia vita vya kwao wakakuta vya kwetu. Alikuwa Mkristo wa kuimba asubuhi kabla hajafungua macho, lakini alitununulia sufuria yetu mpya, akaitundika mbali na zake, akasema, "Hii ni ya Baislamu, mutu asiiguse." Usiku nilisikiliza mazungumzo ya nyuma ya pazia. Yalikuwa ya barabara tu. Barabara ya Makebuko imekuwaje, nani amepita, nani hakupita. Hakuna aliyepandisha sauti. Mama alilala akiwa amemkumbatia Sada na mkono wake juu ya masikio yake, kana kwamba ni yeye aliyehitaji kukingwa na maneno hayo.

Chumba cha kupimia kilikuwa na sakafu ya mbao, kitu ambacho sisi hatukukizoea. Wazazi tulikaa kwenye mabenchi, wengi wakiwa wanawake wa makambini, miguu mitupu, watoto wamenyamaza mapajani. Mpimaji alikuwa mtu mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimketisha mtoto kwenye kiti katikati ya chumba, akimkabili mama yake ili asilie, naye akasimama nyuma. Mtoto aliyetutangulia aliitwa jina lake, akatulia tuli, akaitwa tena, akatulia, kisha mpimaji akasema kwa Kirundi, taratibu, "Maandazi haya atakula nani?" na mtoto akageuka. Watu benchini wakacheka kidogo. Mama yake akamfunga mgongoni akatoka. Mimi nilidhani mtoto ameshindwa kwa sababu alichelewa kugeuka.

Ikafika zamu yetu. Sada aliketi wima, mikono juu ya magoti, gauni la njano likinyooka kwa wanga. Alimtazama Mama tu. Mpimaji akasogea nyuma yake akasema, "Sada." Sikuona nyusi za Mama zikinyanyuka, na nilikuwa nimekaa ubavuni pake.

"Labeka!" akasema Sada. Ilitoka nzima, yenye herufi zake zote, kwa mara ya kwanza tangu apone homa. Wanawake benchini wakatoa sauti ya kusifu. Mama alinigeukia. Nimemwona Mama kwenye harusi yangu, nimemwona akipakata wajukuu, lakini uso ule sikuuona tena.

Mpimaji naye akatabasamu. "Huyu anasikia," akasema kwa Kifaransa.

"Anasemaje?" Mama akaniuliza.

"Anasema Sada anasikia."

"Alhamdulillahi," Mama akasema. "Muulize ataanza lini."

Niliuliza. Yule mtu akanitazama kuona kama ninamfanyia mzaha. "Aanze wapi, dada? Hili ni darasa la wasiosikia. Huyu mpelekeni shule kama watoto wengine. Anayefuata!" Mwanzo nilidhani Kifaransa changu ndicho kimeniangusha, nikauliza tena kwa Kirundi. Akarudia kwa Kirundi. Hapo Mama hakuhitaji mkalimani. Alisimama, akaanza kusema yote kwa pamoja, Kiswahili na Kirundi, kwamba hasikii, kwamba hajasikia tangu mugiga, kwamba sisi ndio tuliomfundisha aitike, tulimfundisha mezani, kwa nyusi, kwa karanga. Mpimaji alimsikiliza mpaka mwisho. Nimejaribu miaka yote hii kumwona mjinga, na siwezi, ndiyo maana namchukia zaidi. "Mama," akasema, "kila siku naletewa watoto wanaosikia, wamefundishwa wajifanye hawasikii, kwa sababu hapa kuna maharage na blanketi. Siwalaumu, ni vita. Lakini wewe ni wa kwanza kuniambia umemfundisha asiyesikia asikie. Nikuamini vipi?" Mama akasema ajaribu tena, akajifunika uso wote kwa mtandio. Mpimaji, kwa kutuhurumia nadhani, alichukua kopo la maziwa akalidondosha sakafuni nyuma ya kiti. Ubao ukatetemeka. Sada akageuka haraka, kama alivyofundishwa na Ramadhani, akatuangalia sote akitabasamu, akanyoosha kiganja apewe karanga.

Jioni ile Mama Furaha alitusikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli. "Yesu wangu! Bantu banafundisha batoto kujifanya baziwi, weye unafundisha kiziwi kujifanya anasikia! Mama Hadija, ni nani alikutuma?"

"Walisema watampima kichwa," Mama akasema. "Ningempeleka vipi na kasoro yake mbele?"

"Lakini ile kasoro njo ilikuwa pasi yake ya kuingia, mwenzangu! Njo ile ilikuwa mlango!"

Mama alikuwa anamvua Sada gauni la njano, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena vibaya. Upande wa pili wa pazia hakuna aliyezungumzia habari za barabara usiku ule.

Hatukurudi Muyinga mara moja. Mama Furaha aliambiwa sokoni kwamba mpimaji angekubali karatasi ya daktari wa masikio. Daktari huyo tulikwenda kumtafuta hospitali, tukaambiwa alishuka Bujumbura kabla ya mvua na hajarudi, na muuguzi akasema yeye anaona wazi mtoto hasikii lakini mkono wake hauna muhuri. Mtu mwingine akatuambia Mutoyi, kwenye misheni, kuna daktari anayeweza kuandika. Tukafunga vitu vyetu. Asubuhi hiyo hakuna gari lililokwenda upande huo, wala kesho yake, na waliotoka huko kwa miguu hawakutaka kueleza. Tukafungua vitu vyetu. Ikawa hivyo kwa muda mrefu, kufunga na kufungua. Mama alishona viraka vya mkono mlangoni pa Mama Furaha ili tusiwe mzigo, uso umeinama. Sada alimzunguka mchana kutwa, akasimama mbele yake, akasema abeka, akangoja. Mama hakuweza kunyanyua macho. Alijua angeyanyanyua tu, nyusi nazo zingepanda zenyewe. Niliona hivyo kila siku na nilitamani mtu mmoja mwenye mamlaka aje aone kile ambacho mtoto yule alikuwa akikikosa. Kufikia wakati darasa lilipoanza masomo, Sada alikuwa ameacha kulisema. Sijui ni siku gani. Hatukuona likienda, kama tulivyoyaona mengine.

Njia ya kwenda bombani ilipita nyuma ya darasa hilo. Ulikuwa uzio wa miti tu, na kiwanja cha vumbi jekundu. Nilipita na Sada nikiwa na ndoo, wakati wa mapumziko, na watoto walikuwa nje, kimya kabisa, mikono yao yote inakwenda. Wawili walikuwa wanagombana kwa mikono. Mmoja alikuwa anasimulia jambo na wenzake wamemzunguka wanacheka bila sauti. Sada aliniachia kidole. Sijawahi kumwona mtu anasimama namna ile. Alisogea mpaka kwenye uzio, akashika miti miwili, akaingiza uso katikati. Msichana wa rika lake, kichwa kimenyolewa, akamwona, akaja. Wakatazamana. Kisha yule msichana akamnyooshea Sada kidole kifuani, akakutanisha vidole vyake viwili juu ya vidole viwili vya mkono wa pili, akavigonga, akainua kidevu akingoja. Sada hakuwa na la kumjibu. Msichana akarudia, polepole zaidi, vile ambavyo mtu mwema humrudia mgeni. Kengele haikuwepo, mwalimu alipunga tu kitambaa, na wote wakaingia ndani. Nilimvuta Sada kutoka pale kwa nguvu. Aliniuma mkono, na nilimwacha aume.

Mama na mimi tulikwenda mara ya mwisho, bila karatasi. Yule mpimaji hakuwepo tena. Aliyekaa mahali pake alitueleza kwa upole kwamba nafasi zimejaa, tuje mwaka ujao. Nilimwambia mwaka ujao atakuwa ameshapita umri. Akasema anaona, na kweli alionekana anaona. Tuliondoka na lori jingine la kusindikizwa. Mwaka uliofuata darasa lenyewe lilihamishwa, wengine walisema Bujumbura, wengine walisema limefungwa, na mahali pake wakawekwa watu waliokimbia Makebuko. Sikulaumu chochote katika hilo. Walihitaji paa.

Nyumbani Muyinga, Sada alianza kufanya vile vidole. Alimfanyia Mama kwanza, asubuhi, kabla ya uji: kidole kifuani mwa Mama, kisha vidole viwili juu ya viwili, kidevu juu. Alinifanyia mimi. Alimfanyia Ramadhani ukutani, akamfanyia mwalimu wa madrasa, wateja, mtu wa maziwa, na watoto wa mtaani ambao walimfanyia vilevile huku wakicheka, naye akasimama akingoja waendelee, wasijue cha kuendelea nacho. Mimi niliyekuwepo pale uziani sikujua zaidi yao. Nilijua tu kwamba lilikuwa swali, na kwamba lilimhusu mtu anayeulizwa. Nilimweleza Mama hivyo. Lakini swali gani, na linajibiwaje, hakuna mtu mtaani petu ambaye angetwambia, na wa Gitega walishakuwa mbali. Ni miaka mingi baadaye nilipoambiwa kwamba vidole vile huuliza, jina lako nani. Mama alianza kubahatisha. Alimpa chakula, Sada akakisukuma. Alimpa kitambaa, alimpa mwanasesere wa matambara aliyemshonea usiku, alimletea viatu, alimfungulia mlango, alimtandikia mkeka. Kila kimoja Sada alikitazama, akakirudisha, akafanya tena vidole, kidevu juu. Nilimwona Mama akikonda kwenye mchezo ule. Sikuthubutu kumwambia aache.

Ilikuwa mchana wa jua kali, siku za kungoja mvua. Mama alikuwa anapiga pasi. Sada akaja akasimama mbele yake, akafanya vidole, haraka haraka, kidevu hakukiinua sana. Mama akaweka pasi kando, akatazama huku na huku akikosa cha kujaribu, akachota kikombe mtungini, akampa. Sada alikitazama kile kikombe muda mrefu. Akanitazama mimi. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akakirudisha.

Mama alinishika bega. "Maji," akasema. "Maskini mwanangu, kumbe wakati wote huu alikuwa anaomba maji." Alikuwa anacheka, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na kabla sijapata la kusema akatoka kwenda ukutani kumwambia Ramadhani.